Volvo Tano Nyuma ya Nyumba Yetu

Ya kwanza tuliinunua kwa sababu tulihitaji gari, na kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Ilikuwa Volvo 240, ile ndefu ya nyuma, ya rangi ya kijani iliyopauka, na ilikuwa imeshapitia majira ya baridi kumi na mawili ya Minnesota kabla ya kutufikia sisi. Mume wangu aliizunguka mara mbili, akalala chali juu ya theluji akaichungulia tumboni, akainuka na mgongo mweupe huku anacheka.

"Mama, bodi imeliwa na chumvi ya barabarani, lakini injini hii itatuzika sisi sote."

Ya pili aliinunua ili ailishe ya kwanza. Ndivyo alivyosema: ailishe. Stata ikifa, anatoa kwenye lile bovu. Kioo kikivunjika, vivyo hivyo. Ya tatu ilikuja baada ya ya pili kubaki mifupa. Ya nne na ya tano sikuulizwa. Niliziona tu zikivutwa kwa mnyororo, zikapita kando ya dirisha la jiko langu, zikapangwa nyuma ya nyumba, moja juu ya matofali, nyingine haina boneti, nyingine haina milango upande mmoja.

Tulikuwa tunaishi Richfield, kwenye nyumba ndogo ya mbao ambayo bado tulikuwa tunailipia, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba mazungumzo yetu yote yalikuwa na mapengo ya kusubiri ndege ipite. Mume wangu alikuja kusomea uhandisi. Ufadhili ulikatika mwaka wa pili, akaingia kiwandani Fridley, akawa anasema atarudi chuoni, halafu akaacha kusema. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya bima, Minneapolis mjini. Tulikuwa na binti wa miaka saba aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu yote kwa Kiingereza.

Nieleze jambo moja kuhusu mimi, si kwa kujitetea. Nimekulia Dodoma, baba yangu akiwa mwalimu mkuu, na uwanja wetu ulifagiliwa mara mbili kwa siku. Mgeni akipita alikuta mistari ya ufagio. Mama alikuwa akisema uchafu wa uani ni barua ya wazi, kila mpita njia anaisoma. Mume wangu alikuwa mtoto wa fundi wa reli, Tabora. Yeye alijifunza kutembea katikati ya vyuma vilivyofunguliwa, na kwake chuma kilichofunguliwa hakikuwa uchafu, kilikuwa kazi ambayo haijaisha. Tulipooana hili halikuonekana. Tulikuwa na chumba kimoja na kitanda.

Jumamosi walikuja wanafunzi. Wakati ule kulikuwa na vijana wengi wa kwetu vyuoni, Wakenya, Watanzania, Waganda, na kila mmoja alikuwa na gari bovu. Mkenya mmoja alikuwa akiingia na salamu ileile: "Engineer, niaje? Hii kitu imekataa ku-start tena." Mume wangu alimpa alteneta iliyotoka kwenye Volvo ya tatu, akamwonyesha kuifunga mwenyewe, na malipo yakawa sahani ya chapati aliyoleta wiki iliyofuata. Niliwahesabia hao vijana viatu vyao vya matope sebuleni mwangu. Sikuhesabu kwamba wasingefika darasani bila yeye.

Na kulikuwa na jirani. Alikuwa mzee mjane, mstaafu aliyeendesha lori la maziwa maisha yake yote, na babu zake walitoka Sweden, jambo alilolitaja kila alipoziona zile Volvo za huko kwao, kana kwamba ni shemeji zake waliokuja kumtembelea. Mume wangu alimwita "Mzee". Alimweleza maana yake, akaipenda, na akawa anaitika. Mzee alikuwa na winchi ya kunyanyulia injini, ya magurudumu, na alituazima tangu mwaka wa kwanza. Wanaume wale wawili waliweza kusimama saa nzima mbele ya injini bila kuzungumza, mmoja akinyoosha mkono, mwingine akimpa spana aliyoitaka.

Mimi nilimtumia mzee kwa namna nyingine. Kazini kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akinipa lifti siku za baridi kali. Siku ya kwanza aliniuliza, "Nyumba yenu ni ipi?" Uchochoro wa kando ya nyumba yetu ulikuwa wazi, na pale barabarani ungeweza kuona pua mbili za Volvo na rundo la matairi. Nyumba ya mzee ilikuwa na njia iliyosafishwa na mapazia meupe. "Hiyo hapo," nikasema, nikaonyesha ya mzee. Nikashuka, nikapunga mkono, nikajifanya natafuta ufunguo mpaka gari likapinda kona. Kisha nikakatiza ua wa mzee kwenda kwangu. Nilifanya hivyo majira yote ya baridi. Mara mbili tatu alikuwa dirishani, akanipungia mkono, nami nikampungia.

Theluji ilipoyeyuka mwaka ule, zamu ya ushirika wetu wa maombi ilituangukia sisi. Nilipika siku mbili. Walikuja watu kama ishirini, wengi wao wameshamaliza masomo na kupata kazi nzuri. Dada mmoja, mume wake daktari, alikwenda jikoni kuchukua maji, akasimama dirishani. Alirudi sebuleni akicheka.

"Hongera, shemeji," alimwambia mume wangu mbele ya wote. "Kumbe mmefungua gereji! Mbona hamkutualika kwenye uzinduzi?"

Watu walicheka. Mume wangu alicheka kuliko wote, akasema, "Karibu, dada, ya kwako ikiharibika nitakufanyia bei ya ndugu." Hakuumia hata kidogo. Alikwenda akawaonyesha wanaume, wakatoka na sahani zao mikononi, wakasimama kati ya yale magari, akiwaeleza. Mimi nilibaki naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu yake, saa ya chakula cha mchana, nilishuka kwenye simu ya sarafu iliyokuwa chini ya jengo letu la ofisi. Namba nilikuwa nimeinakili kutoka kitabu cha simu, kwenye karatasi ndogo. Nilipiga manispaa.

Sauti ya mwanamke, ya upole, ilipokea. Nikasema kuna nyumba mtaani kwetu yenye magari mabovu uani. Akaomba anwani. Nikataja anwani ya nyumba yangu. Sijui kama nitaweza kueleza ilivyokuwa, kutaja namba ya mlango wangu mwenyewe kwa sauti ya mtu mwingine.

"Wewe unaishi karibu?"

"Ndiyo. Mimi ni jirani."

"Magari mangapi?"

"Matano," nikasema. "Labda sita."

Hayakuwa sita. Halafu nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Nadhani ni wageni. Watu waliotoka nje."

 Yule mwanamke alisema hilo halihusiki na taarifa, akanishukuru kwa kupiga, akakata. Nilisimama pale na mkono wa simu sikioni. Aliyetusema vibaya siku ile nilikuwa mimi peke yangu, na mgeni kabisa ndiye aliyekataa kuandika.

Mkaguzi alikuja baada ya wiki. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kamera shingoni. Alipiga picha, akampa mume wangu karatasi: magari yote yasiyo na namba zilizolipiwa yaondolewe ndani ya wiki mbili. Volvo moja tu, ile ya kwanza, ndiyo iliyokuwa na namba. Mume wangu aliisoma karatasi amesimama, mikono ina grisi, akiishika kwa ncha za vidole isichafuke.

"Nani amelalamika?" aliuliza.

"Siruhusiwi kutaja. Na hata jina hatuna. Imeandikwa jirani, basi."

Upande wa kushoto wetu kulikuwa na ukuta wa miti ya misonobari, na nyumba ya nyuma yake ilikuwa tupu tangu Krismasi. Dirisha pekee lililotazama ua wetu lilikuwa la mzee.

Nilimwona mume wangu akiligeukia lile dirisha. Nilikuwa na dakika ile. Nimeirudia mara nyingi kichwani, dakika ile, kwa sababu ilikuwa bado ni jambo dogo. Ningeweza kusema, "Baba, ni mimi, nilichoka," tungegombana siku tatu, yangekwisha. Nilisema, "Watu wana roho mbaya."

Jioni mzee alikuwa kwenye bustani yake, anachimba mahali pa kupanda nyanya. Mume wangu alikwenda kusimama mpakani. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Bwana," alimwita. Siku zote alimwita Mzee. "Kama magari yangu yalikuwa yanakuudhi, kwa nini hukuniambia mimi?"

Mzee aliinuka taratibu, mkono kiunoni. "Nani kasema yananiudhi?"

"Wamekuja watu wa jiji. Wamesema ni jirani."

"Si mimi."

"Nani mwingine anayeona huku nyuma?"

"Sijui. Lakini si mimi." Mzee alinitazama pale mlangoni. Hakunitazama kwa kunishuku. Alinitazama kama mtu anayetafuta shahidi. "Mwambie," alisema. "Wewe unanijua."

Wote wawili wakanigeukia. Nami nikasema, "Baba, njoo ndani. Chakula kinapoa."

Nilisema kwa Kiswahili. Mzee alibaki akiutazama uso wangu, anasubiri mtu amfasirie nilichosema. Alidhani namtetea.

Kesho yake mume wangu aliisukuma winchi kwenye majani mpaka mlango wa gereji ya mzee, akaiacha pale bila kugonga. Binti yetu aliona. Aliniuliza kwa Kiingereza kama tumekosana na babu wa jirani. Nikamwambia aende akafanye kazi za shule.

Wiki mbili zile tulizimaliza uani. Kuburuta magari manne kwenda kwenye chuma chakavu bila kuyafungua ingekuwa kutupa kila kitu, kwa hiyo mume wangu aliamua kutoa kila kinachofaa na kukigawa kwa atakayekitaka. Alikuwa akitoka kiwandani anabadilisha shati anaingia chini ya gari. Na mimi, ambaye sikuwahi kugusa spana, nilivaa suruali yake ya zamani nikaenda kumsaidia. Alidhani ni mapenzi. Sehemu ilikuwa mapenzi.

Alinifundisha. Kupulizia mafuta kwenye nati zenye kutu jioni, uzifungue kesho, usishindane nazo. Kutoa taa za nyuma bila kuvunja vishikizo vyake. Kupiga nati kidogo kwa nyundo kabla ya kuivuta, ili iachie. Kila nati iliyotoka aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga la mtoto, na juu ya kopo aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa shule: "mlango wa mbele kulia, nane". "Kiti cha dereva, nne, moja imepotea." Nilikuta makopo ya miaka mitatu kwenye shelfu ya gereji, yamepangwa, yamefutwa vumbi. Ule uwanja niliouona kama jalala ulikuwa na mpangilio kuliko droo zangu za jikoni. Sikuwa nimeingia kule ndani hata mara moja kuangalia.

Watu walikuja kuchukua. Mkongo mmoja wa Oakdale alichukua viti na rejeta, akaulizia na injini: "Ndugu, ile moteur iko bado nzima?" Walipoondoka tulikaa kwenye benchi, tukanywa chai kwenye vifuniko vya chupa za chai. Tulicheka sana wiki zile. Tangu tufike Marekani hatukuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo bila televisheni kati yetu. Jioni ya siku ya nne au ya tano alinitazama nikifungua bampa, akasema:

"Sikujua kama ungeweza. Ndiyo maana Mungu huleta shida, watu wajuane."

Niliinamia nati yangu. Nilifungua kwa nguvu mpaka ikakatika kichwa, naye akaniambia kwa upole kwamba hilo humtokea kila mtu.

Injini ya mwisho ilikuwa imeahidiwa mwanafunzi mmoja. Ilikuwa Jumamosi, zimebaki siku tatu. Bila winchi, mume wangu alifunga mnyororo na kapi kwenye boriti ya gereji, akalisukuma gari chini yake. Aliitikisa ile boriti, akaitazama muda mrefu.

"Kama ningekuwa na..." alisema, akaishia hapo.

Winchi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ningeweza kwenda kuiomba. Ningeweza kusema neno moja tu na wote wawili wangeisukuma kuja.

Injini ilipanda vizuri. Ilikuwa imeshatoka robo tatu, nami nimeshika mnyororo kama alivyonielekeza, yeye ameingiza mkono kuisogeza isigonge. Boriti ililia mlio mmoja mkavu. Haikukatika yote, ilipasuka tu, ikashuka kiasi cha shubiri moja. Shubiri moja ilitosha. Mkono wake wa kushoto ukabaki kati ya injini na bodi.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, mama, mama," kwa sauti ndogo, na mimi ndiye niliyepiga kelele.

Mzee alitokea kabla sijafika mlangoni. Alikuwa na mtaimbo mkononi, sijui aliuokota wapi. Hakuuliza kitu. Aliuingiza chini ya injini, akaniambia nikae juu ya mwisho wake kwa uzito wangu wote, naye akasukuma kwa bega, na mkono ukatoka. Akaufunga kwa taulo. Akatuingiza kwenye gari lake na kutupeleka hospitali, mume wangu akiwa nyuma ameegemea kioo, mimi mbele. Mzee aliendesha kwa uangalifu, akipunguza mwendo penye mashimo ili mkono usitikiswe. 

Walimwingiza ndani, nikabaki na mzee kwenye viti vya kusubiri. Binti yetu alikuwa kwa rafiki yake siku ile, ashukuriwe Mungu. Mzee alikuwa ameshika kofia yake, anaizungusha kwa ukingo.

"Ni mimi niliyepiga simu," nikasema.

Aliendelea kuizungusha kofia.

"Najua si mimi," alisema baadaye. "Kwa hiyo hawakubaki wengi." Akaitazama kofia. "Nilijiambia labda ni mtu wa ng'ambo ya barabara. Ndivyo nilivyopenda kufikiri."

 Akaendelea, bila kunitazama: "Majira ya baridi, ulipokuwa unashushwa mbele ya nyumba yangu. Mwanzoni nilifikiri njia yenu imeganda, unaogopa kuanguka. Nikawa naisafisha yangu mapema, kabla ya saa yako ya kurudi. Baadaye ndipo nikaelewa. Nikaendelea tu kuisafisha."

Nililia, na hata kule kulia niliona haya, kwa sababu kulimfanya aone inampasa kunipigapiga bega.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Nitamwambia."

"Mimi sitamwambia. Lakini sipendi kuchukiwa na yule kijana. Usichelewe."

Nilichelewa siku nane.

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, kimoja kwa namna ambayo daktari alisema hakitanyooka tena. Katika siku nane zile magari yaliondoka, mwanafunzi alikuja na wenzake wakachukua injini, uwanja ukawa mtupu, majani ya njano pale magari yalipolala. Kila asubuhi nilisema leo. Mume wangu alikwenda kumshukuru mzee, maana hakuwa mtu wa kukosa adabu, lakini alirudi uso umefungwa.

"Dhamiri imemsuta," aliniambia. "Mtu anakuchomea nyumba, halafu anakuwa wa kwanza kuja na ndoo ya maji."

Nikamwambia apumzishe mkono.

Jumapili ya pili nilikuwa namfunga vifungo vya shati, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye plasta. Nilianzia juu. Nilipofika cha tatu nikasema, "Baba, si mzee."

"Si mzee nini?"

"Aliyepiga simu. Ni mimi."

Alidhani nimekosea neno. Aliniangalia akingoja nisahihishe. Kisha akaona sisahihishi.

"Wewe ulipiga simu jiji."

"Ndiyo."

"Kutoka wapi? Hapa nyumbani?"

"Kazini. Simu ya chini."

"Ukasemaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia mpaka lile gari la sita ambalo halikuwepo. Kisha akauliza lile nililoomba asiulize.

"Na ukasema hao wenye magari ni nani?"

"Nilisema nadhani ni wageni. Waliotoka nje."

Kitu fulani kilipita usoni kwake, karibu kama kicheko. Alitazama mkono wake wenye plasta, akautazama kama ni wa mtu mwingine.

"Wageni," alisema. Halafu: "Malizia vifungo. Tutachelewa."

Tulikwenda kanisani. Aliimba nyimbo zote. Watu walimuuliza habari za mkono, akasema ni ajali ya kazi. Yule dada mke wa daktari alisema kwa nia njema kabisa, "Afadhali, shemeji, nasikia yale magari yameondoka. Nani aliwaonea huruma?" Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikashika mkono wa mtoto kwa nguvu mpaka akaguta.

"Jiji walitusaidia," mume wangu alijibu. Hakunitazama. Hakumwambia yeyote, siku ile wala miaka iliyofuata, si ndugu zake Tabora, si wanafunzi wake. Angenitangaza ningepata pa kusimama, ningejitetea, ningekasirika. Alinisitiri, na mimi nilikuwa nimemwanika.

Tuliporudi hakula. Alivuka kwenda kwa mzee. Niliwaona dirishani, nimesimama palepale aliposimama yule dada. Mume wangu alizungumza kwa muda mfupi, kichwa chini. Mzee alimgusa kiwiko cha mkono mzima. Baadaye walifungua boneti ya gari la mzee, wakasimama wakiangalia ndani, na hapakuwa na chochote kibovu humo.

Mimi nilimpelekea mzee chapati na mchuzi Jumatano. Alizipokea mlangoni, akashukuru, akasema zinanukia vizuri. Hakunikaribisha ndani. Kabla ya hapo alikuwa akinikaribisha. Alikuwa mtu mwema na aliendelea kuwa mwema kwangu mpaka alipohamia Oakdale karibu na binti yake, lakini alikuwa mwema kutoka mlangoni.

Mume wangu alipata nafasi kwenye banda la Mkenya mmoja huko Fridley, karibu na kiwanda, akahamishia vyuma vyake kule. Makopo yote yalikwenda. Aliacha kunisimulia habari za magari. Zamani ilikuwa kila jioni, giaboksi hii, breki ile, nami nikiitikia "ehe" huku nawaza mengine. Sasa alikula, akamsaidia mtoto hesabu, akalala. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa nakumbuka mengi aliyonieleza. Nilijua tofauti ya mlio wa beringi na mlio wa mkanda. Hakukuwa na wa kumwambia.

Mwezi wa kumi, Volvo ile ya kwanza ilihitaji breki. Alibadilisha pedi na bomba moja lililoliwa na kutu, uani, pale palipokuwa na nafasi tele sasa. Kutoa hewa kwenye breki kunahitaji watu wawili, mmoja akikanyaga, mwingine akifungua nati gurudumuni. Siku zote alimwita mzee au mwanafunzi. Siku ile mzee alikuwa kwa binti yake. Aligonga kioo cha jikoni kwa kidole kile kilichopinda.

"Una nafasi kidogo?"

Nilikaa kwenye usukani na aproni yangu. Yeye alikuwa chini, upande wa nyuma kulia, sikumwona, nilisikia sauti tu kupitia dirisha lililofunguliwa.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia." Pedali ikazama polepole chini ya mguu wangu. "Achia."

Tulifanya hivyo gurudumu la kwanza, kisha la pili. Baridi ilikuwa imeanza, na ndege zilipita juu, tukisubiri zipite ndipo aseme tena. Kwenye gurudumu la tatu nikasema, nikiangalia mbele kama naendesha, "Baba, nisamehe."

"Kanyaga," alisema.

Nikakanyaga.

"Shikilia." Aliniacha nikishikilia muda mrefu kuliko nati ilivyohitaji.  "Nimesikia," alisema. "Achia."

Tulimaliza magurudumu yote manne, akaijaribu pedali kwa mkono, akasema hewa bado imo, tukaanza upya kutoka la kwanza. Hakusema kama amenisamehe, nami sikuuliza tena. Giza lilipoanza kuingia mtoto alitoka kutuuliza tunakula saa ngapi, na baba yake akamjibu kwamba mama ana kazi, aweke maji ya ugali jikoni.